Mwalimu, Dereva na Ndege Wasiosikika

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, mpigapicha mkuu wa jarida letu la safari anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Hapa ofisini hakuna anayemwita mpigapicha. Ni Mwalimu, na ukimwita vinginevyo huenda asigeuke.

Kabla ya kuja kwetu alifundisha jiografia. Kamera ya kwanza aliiazima kwa shemeji yake ili awaonyeshe wanafunzi jinsi mto unavyokula kingo zake; kuirudisha ikawa shughuli. Alipoiaga chaki, mumewe, fundi seremala, alidhani ni homa ya wiki mbili. Hata hivyo alimchongea sanduku la kubebea lenzi, na ndilo linalotukwaza mlangoni hadi leo.

Ualimu haukumtoka. Gari la safari haliondoki mpaka kila mtu aende chooni, mhariri mkuu akiwemo. Ukimpelekea picha yenye giza hakugombezi. Anaiweka mezani taratibu, nawe mwenyewe unaichukua ukairudie.

Sifa yake kubwa ni picha za ndege. Ndege wa msituni husikika kabla ya kuonekana, na Mwalimu alikuwa na masikio ya ajabu. Miaka michache iliyopita yalipoanza kupungua nguvu, aliogopa sana. Aliamini kwamba ikijulikana tu, atawekwa ofisini kupanga picha za wenzake. Alimwambia mtu mmoja, dereva wetu wa safari. Tangu hapo dereva akawa anakaa nyuma yake porini, anamgusa bega la kulia au la kushoto kumwonyesha sauti inatoka upande gani. Picha ya kigong'ota na makinda yake, ile iliyotuletea tuzo, ilipatikana hivyo.

Bintiye alimnunulia vifaa vya kusaidia kusikia. Akavifungia kwenye droo, maana kuvivaa kungekuwa kujitangaza. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kumgusia. Lakini ilimuuma. Alikuwa akishinda msituni na kurudi bila kusikia ndege hata mmoja.

Wiki iliyopita, kustaafu kwake kukiwa kumeshapitishwa, alikuja kazini amevivaa. Alifungua dirisha la chumba cha picha, ambako shomoro wa paa la jirani hupiga kelele asubuhi nzima hadi tunakereka. Akasimama pale, kiganja mdomoni. Dereva, aliyekuwa mlangoni akimsubiri, alitia funguo za gari mfukoni akaenda kusimama kando yake. Machozi yalimtoka Mwalimu, na dereva naye hakuwa na hali. Kamera ilikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeikumbuka.

Mwalimu, ahsante kwa kutufundisha kuangalia. Nenda salama, na asubuhi zako zote ziwe na kelele.