Bili ya Simu ya Mwalimu Athanas

Benchi letu ni siti ya nyuma ya basi lililopinduka Dumila, na msiniulize ilifikaje hapa Mwembesongo, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio. Ilifika, tukaikalia. Mimi ndiye fundi, na kabla hamjaanza kunicheka: ndiyo, fundi redio hana simu. Redio inaongea na mimi kutwa na hainidai chochote. Kila alasiri Dadi anapita na birika lake la kahawa na sinia la kashata, na wenye benchi wanajitokeza. Kibwana tunamwita Wakili, kwa sababu kesi ya shamba lake la Kinole ameshindwa katika kila mahakama aliyoifikia na bado anatembea na bahasha kwapani. Mansuri ni Satelaiti: anachaji simu za watu kwenye kile kibanda jirani, na hakuna kinachopita hewani asichokijua. Mzee Mwinjuma ni Shirika. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha umma mpaka kikabinafsishwa na mashine zikauzwa chuma chakavu, na tangu siku hiyo hata mvua isiponyesha anasema ni soko huria.

Siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha, lakini ilikuwa inakuja. Mawingu yalishaukalia mlima, Uluguru yote huioni. Tukamwona Mwalimu Athanas anatoka upande wa benki, anatembea kama mtu anayekwenda kupigana.

Mwalimu: Shikamoo, mzee.

Shirika: Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?

Mwalimu: Wamenikatalia mkopo.

Wakili: Nani?

Mwalimu: Benki! Mimi! Mwalimu, mzee wa kanisa, mshahara wangu unapitia kwao hao hao kila mwezi! Binti wa pale dirishani ananiambia, tena kwa upole, kama anayempa mtu habari ya msiba: “Mwalimu, jina lako lipo kwenye kumbukumbu za wadaiwa sugu.” Namuuliza, sugu wa nini? “Wa bili ya simu.”

Dadi akasimama na birika mkononi. Kahawa ikamwagikia kiatu changu, wala sikukifuta.

Mimi: Wewe? Wewe ambaye unapiga simu umesimama, ili usije ukakaa ukanogewa na mazungumzo?

Mwalimu: Eti kuna laini ya ile kampuni iliyobadilishwa jina. Ya ongea kwanza, lipa mwisho wa mwezi. Imeandikishwa kwa jina langu, imeongea miezi miwili mfululizo, halafu kimya. Namba yenyewe siijui hata kwa sura! Mimi namba yangu ni moja, hii hii, mpaka wanafunzi wangu wameikariri!

Satelaiti: Oya, huu ni uhuni!

Wakili: Si uhuni tu. Ni jinai.

Shirika: Ni soko huria.

Tukajua. Mzee akishasema hivyo lazima asikilizwe, na kahawa anamiminiwa yeye kwanza.

Shirika: Enzi zetu simu ilikuwa ya shirika. Unaomba, unasubiri mpaka mtoto wako anaota ndevu, lakini ukishapewa, bili ni yako na sauti ni yako. Sasa wameruhusu kila mwenye mlingoti awe na kampuni. Kampuni yenyewe imekuja njano, ikauzwa ikawa bluu, ikauzwa tena sijui sasa ina rangi gani. Ukinunua mbuzi, unanunua na kupe wake. Hao wapya wamenunua madeni, wakakuta hayana wenyewe, wakayagawa.

Mimi: Wakayagawa kwa nani?

Shirika: Kwa watumishi wa umma. Si ndio wenye mshahara?

Dadi: Hapo mzee umesema. Mimi mwenyewe mteja akinikimbia na hela ya kahawa, siwezi kumdai tapeli mwingine. Nitamdai mstaarabu.

Mimi: Kumbe ile kahawa ya jana uliyonidai mara mbili!

Dadi: Fundi, tusitoke kwenye hoja.

Satelaiti aliona anapitwa. Akavua kofia, na akivua kofia ujue anatupeleka mbali.

Satelaiti: Nyie hamjui mambo ya mawimbi. Ile minara imewekwa mlimani, sawa? Na mlimani kuna nini? Ukungu. Sasa sauti ya mtu imetoka Msamvu pale stendi, kwenye makelele yote yale, wapiga debe, honi, inapanda mlimani inakuta ukungu. Inalowa. Sauti ikilowa inakuwa nzito, haifiki kwa mwenyewe. Inadondoka kwa mtu wa karibu. Mwalimu, shule yenu iko wapi?

Mwalimu: Bigwa.

Satelaiti: Chini ya mlima! Mnaona? Sauti za stendi nzima zinamdondokea huyu. Maji hufuata mkondo!

Wakili: Acha ushamba, Mansuri. Hili ni suala la kisheria. Kuna Athanas mwingine.

Mwalimu: Yupi?

Wakili: Marehemu. Amekopa, akaongea, akafa. Kisheria marehemu hadaiwi, kwa hiyo wanamtafuta wajina wake aliye hai. Inaitwa mirathi ya majina.

Mimi: Umeisoma wapi hiyo?

Wakili: Fundi, mimi nimekaa mahakamani kuliko hakimu. Na nawaambia, anayefanya mchezo huu ni mtu wa mle mle benki. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sasa nguo gani? Suti! Nani anavaa suti? Meneja!

Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, na damu ilikuwa inanichemka. Kwa sababu nyie hamumjui Mwalimu Athanas. Hapa mtaani mtoto akikosa sare, ni Mwalimu. Mtu akitaka barua kwa mtendaji, Mwalimu anaiandika na anamdhamini juu. Ukikamatwa na mgambo huna kitambulisho, unamtaja Mwalimu, na anakuja na baiskeli. Huyo ndiye wa kuitwa sugu? Nikasema kwa sauti, kama kuna haki nchi hii, basi wa kwanza kuitwa sugu iwe benki.

Mwalimu alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama mlima.

Mwalimu: Jamani, mimi nyumba yangu ya Mkundi kuta zimesimama. Tofali za kuchoma, lakini katikati ni udongo, siyo saruji. Nilipiga hesabu, mkopo utoke, nipige bati kabla ya masika. Mama Faraja ameuza cherehani yake tukapandisha hizo kuta. Cherehani aliyopewa na marehemu mama yake! Sasa nikamwambie nini? Kwamba nyumba yake inayeyuka kwa sababu kuna mtu aliongea?

Dadi akaokota kashata moja, akampa bila kudai. Mwalimu akaishika tu.

Wakili: Mwalimu, usilie.

Mwalimu: Silii! Nimekasirika!

Wakili: Basi vizuri, hasira ni mtaji. Binti wa benki alisemaje kuhusu kupinga?

Mwalimu: Amesema inawezekana. Niende kwa hakimu nile kiapo kwamba laini siitambui na sijawahi kuandikisha laini nyingine yoyote. Kiapo kikifika kwao, kampuni inatakiwa ithibitishe. Ikishindwa, wananifuta, na mkopo unatoka.

Satelaiti: Si rahisi hiyo!

Wakili: Kesho asubuhi tunakwenda wote. Mimi nitakuandikia, usitoe hata senti. Sisi wote hapa ni mashahidi. Fundi, lete kalamu!

Nikaleta. Wakili akatoa karatasi kwenye bahasha yake, akageuza upande ambao kesi ya Kinole haijaufikia, akaanza kusoma anachoandika kwa sauti ya mahakamani.

Wakili: “Mimi, Athanas, mwalimu, Mkristo, mwenye akili timamu, naapa kwamba tangu nizaliwe sijawahi kuandikisha laini ya simu isipokuwa hii ninayoitumia. Naapa pia kwamba jina langu halijawahi kutumika…”

Mwalimu: Hapo ongeza, “na Mungu anisaidie.”

Shirika: Ongeza na soko huria.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja na kapu la ndizi kichwani. Anaitwa Asia, wa Matombo. Redio yake nilikuwa nayo tangu wiki ile ya Maulidi, na ilikuwa imepona. Akatusalimia wote, akamwamkia mzee, akaiwasha redio, akaizima, akaridhika.

Asia: Kaka fundi, pesa sitembei nayo, pale stendi kuna vibaka. Nakutumia kwa simu. Nipe namba.

Mimi: Mimi sina simu, dada yangu. Mtumie huyu Wakili, atanipa.

Asia: Haya, kaka Wakili. Nitajie.

Wakili akamtajia huku anaandika. Asia akabonyeza, halafu akauliza lile swali ambalo kila mtu nchi hii analiuliza kabla hajatuma.

Asia: Jina litakuja nani?

Kalamu ikasimama.

Asia: Kaka? Jina litakuja nani? Juzi nilikosea, hela ikaenda kwa mtu wa Tunduma mpaka leo.

Wakili: Aah… mtumie tu Satelaiti. Yangu ina matatizo ya mtandao.

Satelaiti: Mimi simu imezima chaji.

Asia: Wewe mchaji simu?

Satelaiti: Ndiyo, imezima.

Mimi: Mzee Shirika, basi ipite kwako.

Mzee akashikwa na kikohozi. Nakijua kikohozi chake cha vumbi la kiwandani. Hiki kilikuwa kipya. Nikamgeukia Dadi, nikamkuta anachungulia ndani ya birika kama kuna mtu kazama. Nilikuwa bado sijaelewa. Nilianza kuona hasira, nikadhani wananibania pesa yangu.

Mimi: Nyie vipi? Dada, namba ya huyu Mansuri si hiyo hapo ukutani, kaipaka rangi mwenyewe. Tuma!

Satelaiti: Fundi!

Asia akaisoma ukutani, akabonyeza, akasubiri. Ngurumo ikapita mbali, juu ya mlima.

Asia: Imekuja Athanas. Athanas ndiyo wewe?

Asia akarudi kwenye namba aliyotajiwa na Wakili, akabonyeza tena.

Asia: Na hii pia Athanas. Makubwa! Hapa kwenu wote mnaitwa Athanas?

Mwalimu alinyanyuka polepole. Akaiomba ile simu, akaitazama muda mrefu, kisha akatutazama sisi.

Mwalimu: Lile hema.

Hata mimi nikalikumbuka. Mwaka ule wa kuandikisha laini kampuni ilisimamisha hema pale kwenye kona, muziki, fulana za bure, wasichana wenye kofia. Wenzangu hawa hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Mwalimu alikuwa anatoka shule, kitambulisho kinaning’inia shingoni.

Mwalimu: Mliniambia niwadhamini tu! Nilikaa hapa hapa nasahihisha madaftari, kitambulisho kinazunguka mikononi mwenu! Nilidhani nawadhamini, kama ninavyowadhamini kwa mtendaji!

Shirika: Hata sisi tulidhani hivyo, mwanangu.

Mwalimu: Mlichukua laini ngapi?

Satelaiti akaanza kuhesabu kwa vidole, halafu akavificha kwapani.

Mwalimu: Na katika zile mlizozitupa, ile iliyoongea miezi miwili ilikuwa ya nani?

Wakili alikuwa ameishika ile karatasi ya kiapo kwa vidole viwili, hajui airudishe kwenye bahasha au aikalie. Mwalimu akamnyang’anya, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni mwa shati. Kisha akavuta pumzi, akasimama mbele ya siti yetu ya basi kama anavyosimama mbele ya darasa la pili, na kuanza kuita mahudhurio.

— Athanas!

Akamtazama Wakili. Wakili akainamisha kichwa.

— Athanas!

Satelaiti akavaa kofia.

— Athanas!

Mzee Mwinjuma akafunika macho kwa kiganja.

— Athanas!

Dadi akainua birika, akalitikisa, likalia tupu. Tone la kwanza la mvua likagonga bati la kibanda changu.