Lorna Awuor na Bomba la Marehemu Bildad

Nina miaka sabini na mbili, na bado naitwa kwa kibarua cha mabomba. Nimewaona mameneja wakija na kuondoka, nimedumu kuliko mabomba ya chuma tuliyoyafukia nikiwa kijana, na pampu ya zamani ya Otonglo ilikufa mikononi mwangu. Kwa hiyo kamati ilipotafuta mtu wa kuandika habari za Lorna Awuor, anayestaafu tarehe thelathini na moja mwezi huu baada ya miaka thelathini na mitatu katika kampuni yetu ya maji, haikuwa na haja ya kuzunguka. Shule niliiacha mapema, lakini hakuna valvu Kisumu hii isiyoujua mkono wangu. Sheryl wa mapokezi ndiye amepiga chapa, na nimemkataza kunirekebisha.

Lorna, nyar Awasi, yaani binti wa Awasi, alianzia dirisha la malalamiko. Mtu akija anafoka, alimwacha amalize, kisha akauliza, "Sasa Baba, maji yaliacha kutoka lini?" Wengi walijibu wakiwa tayari wameketi. Kompyuta zilipoingia, yeye ndiye aliyetuandikia maelezo ya kuzitumia. Miaka hii ya mwisho akapewa kazi ngeni: kuandika maelezo ya kusomwa na ajenti, ile programu ya akili bandia inayoagizwa kwa maneno ikafanya kazi yenyewe. Kuna chombo humo ndani ya kompyuta kinachobadilisha akaunti nyingi kwa mkupuo mmoja. Ajenti ndiye hukitumia, na anachokijua juu yake ni kile tu alichoandikiwa na Lorna.

Mwaka jana ajenti aliambiwa asafishe akaunti za zamani. Maelezo yalisema chombo hufunga akaunti ambayo mwenyewe amefariki. Hayakuongeza neno. Asubuhi iliyofuata simu yangu ikajaa amri za kwenda kufunga mabomba, na la kwanza lilikuwa la marehemu Bildad Odongo, mtaani Nyalenda.

Bildad tumemzika, lakini bomba lake liko hai. Mjane wake, Nangila, huuzia mtaa maji hapo. Jina la mume halijaondolewa kwa sababu ukoo haujakaa kikao cha urithi, na kumtoa mwenye boma kabla ya hapo ni kama kumfukuza. Karani wa hapa anajua hivyo bila kuambiwa. Ajenti hakuzaliwa hapa.

Nilifika na spana yangu, nikaketi juu ya kifuniko cha valvu, nikakataa. James Okinyi, msimamizi wangu, akanipigia simu kusema amri ni amri. Nikamwambia aje afunge mwenyewe, kama anajua valvu iko wapi. Kina mama walikuwa wamepanga mitungi. Mmoja akasema, "Mzee, kwani ni Bildad anakunywa haya maji huko aliko?" Wenzake wakacheka. Nangila hakucheka. Bomba hilo ndilo linalowalisha watoto wake, na nikiondoka mimi, angetumwa mwingine.

Lorna aliposikia alikuja kwa miguu, matope na yote. Ofisini walikuwa wanasema ajenti amekosea, azimwe. Yeye akasimama mbele ya Nangila akasema, "Mama, mashine imefuata maneno yangu. Niliiandikia kama ninamwandikia mtu wa Kisumu. Leo maji hayafungwi." Akayarudia hayo mbele ya meneja, akaomba amri zote zisimamishwe mpaka aandike upya, na lawama iwe yake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Mtu mwingine angenyamaza.

Akaandika kwamba kabla ya kubadilisha chochote, ajenti aonyeshe kwanza akaunti zitakazoguswa, bila kuzigusa. Kwamba nafasi ya mtaa ikiachwa tupu, chombo kitachukua Kisumu yote. Kwamba akaunti hurudishwa kwa kompyuta, lakini valvu iliyofungwa haifunguki mpaka mtu aende. Na kwamba mwenye jina akiwa amefariki na maji bado yanapita, simama, uliza binadamu. Kisha akampa ajenti ukurasa huo peke yake, kwenye nakala ya majaribio, akatazama atakwama wapi. Kila alipokwama, Lorna alirudi kwenye sentensi yake. Mimi pia alinisomea, na niliponuna alijua pana kasoro. Nusu ya ukurasa ule ni yangu, ingawa jina langu halimo.

Ajenti alipotumwa tena, alifika kwa Bildad akasimama. Swali likaingia kwenye simu yangu: je, bomba hili linatumika? Nikajibu ndiyo. Neno hilo naliandika vizuri kuliko mtu yeyote.

Lorna, tunakushukuru kwa uvumilivu wako na kwa kubeba lawama bila kuitupia mashine wala mtu. Nenda Awasi ukapumzike, Mungu akupe afya na siku ndefu za amani. Anayedhani nimetia chumvi amuulize James Okinyi, ambaye bado ananinunia. Au ashuke Nyalenda kwa Nangila. Atamkuta bombani, anajaza mitungi ya watu.