Mama Chenga na Sampuli Zilizosagwa

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi uliotukuka, msimamizi wa kitengo cha usagaji, anayefahamika kiwandani kote kwa jina la Mama Chenga, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Uongozi umeipokea habari hiyo kwa masikitiko. Mapipa ya taka, ambayo kwa miaka mingi hayajawahi kujaa, yamepata matumaini.

Alianza kazi akiwa mfagiaji wa ukumbi wa mashine. Kwa ndugu wa ofisini wasiopata nafasi ya kufika huko, kiwanda chetu huyeyusha chembe za plastiki, huzitia gesi, na kuzisukuma zitoke zikiwa shiti za povu za kufungia vitu vinavyovunjika. Kingo za shiti hukatwa, na zamani zilitupwa. Taarifa za kampuni husema Mama Chenga aliongozwa na upendo wa mazingira. Yeye husema alichoka kubeba magunia.

Aliomba mashine ya kusagia iliyokuwa ikiota kutu stoo, akazigeuza kingo kuwa chenga, zikayeyushwa na kuchanganywa na chembe mpya. Majaribio ya mwanzo hayakufana. Chenga zikiwa na unyevu, povu lilitoboka kama chandarua; zikizidi, lilisinyaa. Aliyasaga matokeo hayo pia, akaanza upya. Leo karibu nusu ya kila shiti imewahi kuwa shiti nyingine.

Tabia hiyo ilimfuata hadi nyumbani. Mume wake, fundi cherehani mwenye subira ya pekee, siku hizi hununua ndoo za bati tu. Wajukuu wao wamejifunza kulia kimya kimya mwanasesere anapovunjika mguu, bibi asije akasikia.

Hata hivyo, jina lake litakumbukwa zaidi kwa ziara ya mnunuzi wa shiti, mwenye biashara ya vyombo vya kioo. Bwana huyo hakuwa na imani na plastiki chakavu, na bila oda yake mashine ya pili ingezimwa, na wote wanaoihudumia wangerudishwa makwao. Ofisi ya mauzo iliandaa sampuli bora kuliko zote na kuzipanga kwenye meza ya chumba cha mikutano, bahati mbaya karibu na pipa. Jioni Mama Chenga alipita ofisini kukusanya mabaki, kama kawaida yake.

Asubuhi meza ilikuwa tupu. Afisa mauzo alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Meneja alipendekeza mgeni aambiwe kwamba barabara imefungwa, lakini mgeni alikuwa tayari amefika mapokezi. Mama Chenga alishauri aletwe moja kwa moja kwenye mashine ya pili.

Mgeni alipokea shiti ingali na joto, akaikunja, akaivuta, akaifungia glasi aliyokuja nayo na kuiachia ianguke sakafuni. Glasi ilitoka nzima. Ndipo akauliza, kwa upole wa mtu anayejua anafichwa jambo, sampuli alizoahidiwa ziko wapi.

"Ndizo hizo ulizoshika, baba," Mama Chenga akamjibu. "Jana nilizisaga zote."

Meneja alikazia macho dari. Mgeni aliiangusha glasi mara ya pili, akaikagua, kisha akaomba kalamu.

Taarifa ya mwaka ililieleza tukio hilo kuwa onyesho lililobuniwa kwa ustadi na ofisi ya mauzo, na afisa mauzo alipandishwa cheo. Mama Chenga alikuwa wa kwanza kumpongeza, akamwomba tu kwamba siku nyingine ampangie sampuli nyingi zaidi.

Wafanyakazi wa mashine ya pili, ambao taarifa hiyo haikuwataja, wameomba watajwe hapa: wote wapo kazini. Kwa heshima yake, leo wameizima mashine wenyewe ili wahudhurie hafla hii. Kila fundi anajua kwamba kuiwasha tena kutatoa rundo la mabaki, na mstaafu wetu amekwisha kuulizia watayaweka wapi.

Mama Chenga, tunakushukuru kwa dhati. Tunakutakia mapumziko marefu, afya tele na furaha pamoja na familia yako. Rundo hilo, tafadhali, tuachie sisi.