Gari Lenye Matumbo Mawili

Basi letu halina muungurumo, kwa hiyo masikio yangu yasilaumiwe. Kwenye kiti cha mbele yangu, bwana mmoja mwenye tai alikuwa akimweleza muuguzi aliyekaa naye, ambaye wala hakuuliza, kwamba gari lake linatumia umeme na petroli pia.

"Unalichaji kila siku?" muuguzi akauliza.

"Lina waya wake kabisa, dada. Waya ulikuja na gari lenyewe."

"Nimeuliza kama unalichaji."

Bwana akaweka tai sawa. "Kuchaji ni masaa manne. Petroli ni dakika tano. Mtu mwenye shughuli zake atafanyaje?"

"Atalala huku linachaji. Hata sisi wa zamu tunayapata hayo manne."

Ikajulikana kwamba waya uko kwenye buti la gari, ndani ya nailoni yake, mwaka wa pili sasa. Kuna watoto wachanga hawatunzwi hivyo.

"Na leo gari liko wapi, kaka?"

"Nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Petroli imeisha."

"Na betri?"

"Nayo."

"Ama kweli. Gari lina matumbo mawili na limelala njaa. Soketi iko mbali?"

"Iko hapo hapo ukutani, nyuma ya gari. Lakini hujanielewa, dada. Suala ni muda."

"Nimekuelewa. Umepanda basi kuokoa muda."

Bwana alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu tulipofika kituo cha mwisho. Dereva akashuka, na kabla hata hajajinyoosha mgongo, akachomeka waya wa kuchaji ubavuni mwa basi. Bwana akauruka kwa uangalifu, kama mtu aliyeona nyoka.