Miezi Tisa ya Posho Isiyo Yangu

Ndugu zangu, dada zangu, msinipigie makofi bado. Mmeambiwa kuna mtu amemaliza deni na leo atasimama aongee, mkafurahi. Ngojeni kwanza mmjue huyo mtu. Mimi nimeishi naye ndani ya shati hili miaka yote, na nawaambia, nisingemkopesha hata kijiko.

Majina sitataja. Walionisaidia, wengine wako ndani ya chumba hiki na hawapendi kutajwa. Walioniumiza hawastahili. Na aliyeniumiza kuliko wote ndiye huyu mnayemtazama.

Nilikuwa dereva wa lori la mahindi kule Kitale. Kazi ndogo, lakini ilikuwa kazi. Halafu nikasikia habari za Saudia, nikapanda hadi Nairobi kwa ajenti mmoja mwenye ofisi ya zulia jekundu. Yule bwana alinukia marashi mpaka kwenye ngazi. Alinionyesha picha ya barabara pana, akaniambia, "Mkubwa, wewe ndiye wanayemtafuta." Mtu mzima mwenye watoto wawili, nikaamini kwamba kuna Waarabu wamekaa Riyadh wananitafuta mimi.

Ada yake sikuwa nayo. Nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita shailoki. Akataka dhamana. Dhamana pekee nyumbani kwetu ilikuwa hati ya shamba la baba.

Sikumwambia mzee ukweli. Nilimwambia, "Baba, serikali inataka kuiona hati, ni mambo ya pasipoti." Baba yangu hajui kusoma. Akaitoa kwenye sanduku lake la bati, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akanipa. Kisha nikamwekea mbele karatasi ya shailoki, iliyosema deni lisipolipwa shamba limeuzwa, nikamwekesha dole gumba. Sikumsomea hata neno moja. Alipomaliza, akanishukuru. Eti nimejitolea kuhangaikia nyumba.

Basi nikafika Riyadh, nikapelekwa Al-Sulay. Wenye kazi kule mnapajua: maghala, malori, vumbi mpaka kwenye chai. Mshahara ulikuwa theluthi mbili ya ule nilioahidiwa kwenye zulia jekundu. Nikaanza kumlaani ajenti asubuhi na jioni, na deni likaendelea kukua, kwa sababu deni halisikii laana.

Kabla ya mwaka kuisha kampuni ilinileta huku Jeddah miezi miwili, kushika nafasi ya dereva aliyekwenda likizo. Huku hakuna kambi ya kampuni, kwa hiyo wakaniongezea posho ya nyumba na chakula juu ya mshahara. Hiyo ilikuwa haki yangu. Nilikodi kitanda hapahapa Al-Baghdadiyah, nikajinunulia chakula, kazi ikaisha, nikarudi Riyadh. Kule kambini kitanda ni cha kampuni na chakula ni cha kampuni. Posho ilipaswa kukoma.

Haikukoma. Mwezi wa kwanza nikaona imeingia. Mwezi wa pili ikaingia tena.

Kitanda changu cha ghorofa kilikuwa juu ya kile cha mzee mmoja wa Machakos, dereva mwenzangu, mtu wa maneno machache. Nilimwonyesha simu nikicheka. Hakucheka.

"Kijana, hayo ni makosa ya ofisi. Nenda ukawaambie leo."

"Mzee, hawa wamenidanganya mshahara. Hii ni Mungu ananirudishia."

"Mungu hafanyi kazi kwenye ile ofisi," akasema. "Iko siku wataihesabu."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia ana wivu. Mtu aliyenigawia blanketi lake wiki ya kwanza, kiyoyozi kilipotugandisha, nikamwambia ana wivu.

Miezi tisa, ndugu zangu. Na sasa mtaniuliza, je, angalau ulilipa deni? Hapo ndipo mtakaponidharau vizuri. Nilinunua simu kubwa kuliko uso wangu. Nilimtumia mke wangu pesa za makochi, na makochi yalipofika hayakuingia mlangoni, ikabidi fremu ing'olewe. Kanisani kwetu kulikuwa na harambee ya paa, nikatuma mchango mkubwa kuliko wa mwalimu mkuu, nikamwambia mke wangu anirekodie jina langu likisomwa. Lilisomwa mara mbili. Nilikuwa nikiisikiliza ile sauti ndani ya lori, nikiwa peke yangu, kama mtu anayesikiliza redio. Shailoki naye nilimtumia makombo ya kumfunga mdomo.

Kisha ofisi ikaniita. Mhasibu alikuwa amekaa na karani mmoja Msudani aliyekuwa akitutafsiria. Karani akaniuliza, "Anasema, umepokea posho ya Jeddah ukiwa Riyadh. Kwa nini hukusema?"

"Sikuona," nikasema.

Mhasibu akageuza kompyuta yake nione. Kila mwezi, siku ileile posho ilipoingia, nilikuwa nimeitoa yote. Alinitazama tu, na kwa kweli hata mimi ningekuwa upande ule wa meza ningejitazama vilevile.

Wakaniwekea karatasi ya Kiarabu. Nitakatwa nusu ya mshahara mpaka nirudishe posho ya miezi kumi na moja. Kumi na moja! Nilijua ndani yake mna miezi miwili ya haki. Lakini nilikuwa nimedanganya dakika mbili nyuma, nikaona hata ukweli wangu utanuka. Nikatia sahihi bila kujua kila kilichoandikwa. "Halas," mhasibu akasema, akaniashiria mlango.

Wiki hiyohiyo baba akapiga simu. Baba huwa hapigi, hungoja kupigiwa.

"Kuna watu wamekuja na kamba," akasema. "Wanapima shamba. Wana karatasi yenye dole langu." Kisha akasema, "Nataka kujua jambo moja tu. Ng'ombe niwauze, au niwapeleke kwa dada yako?"

Hakuniuliza kwa nini. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningechagua anitukane.

Nikaanza kubana matumizi, lakini kwa kiburi. Nilishinda na mkate na chai, huku ile simu kubwa ikiwa mfukoni. Nilikopa kwa huyu nikamlipa yule, ili kambini wasijue. Wale walioniita bosi nilipokuwa nikiwanunulia kuku walianza kuhamisha viatu vyao nikikaa karibu.

Wakati huo nikapewa njia ya Riyadh na Jeddah, nikawa nafika huku kila baada ya wiki mbili. Nikasikia kuna chama cha Wakenya hukutana hapa Ijumaa mchana, na kwamba mweka hazina ni dada mmoja wa Mombasa anayefanya kazi za nyumbani Al-Rawdah. Nikaja kukopa. Nikamwendea na hadithi nimeipanga: ajenti mwongo, kampuni katili, miezi miwili ya kukodi kitanda huku, baba mzee aliyewekeshwa dole bila kujua kusoma, ng'ombe. Machozi nilikuwa nayo tayari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hiyo simu ya nani?"

"Yangu, dada."

"Na unataka mie nikumiminie jasho la watu kumi na wawili? Wewe huna shida ya pesa. Wewe una shida ya sifa. Hebu lete karatasi zako."

Nilikuwa nazo kwenye bahasha. Yeye Kiarabu amesoma madrasa, na miaka aliyokaa huku imemwongezea. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, watu wakiendelea na chai yao. Akasimama mahali.

"Mbona miezi hii miwili imo? Si ulikuwa huku, ukikodi kitanda?"

"Ndiyo."

"Na ukatia sahihi?"

"Sikujua imeandikwa nini."

Akanitazama. Nawaambia, mhasibu alikuwa amenitazama kwa huruma ukilinganisha.

"Wewe umetia sahihi usichokisoma," akasema. "Na babako ulimwekesha dole asichokisoma. Basi mko sawa sasa. Tofauti ni kwamba yeye alimwamini mwanawe. Wewe ulimwamini nani?"

Nilikaa kwenye mkeka pale karibu na mlango, machozi niliyoyaleta yakakauka, yakaja mengine ambayo sikuyapanga. Hakunibembeleza. Aliponiona nimetulia, akaniambia la kufanya.

"Nenda ukaseme yote mawili. Ulichokula bila haki, sema umekula. Usichokula, sema hukula. Ukisema moja tu, bado ni mwongo yuleyule."

Mkopo hakunipa. Hata riali moja.

Niliporudi Riyadh nikaingia ofisini na risiti za mizigo za ile miezi miwili, zenye mihuri ya ghala la Jeddah. Mzee wa Machakos ndiye aliyeniambia zinahifadhiwa wapi, nilikuwa nimekwenda kwanza kumwomba radhi, akasema, "Umechelewa, lakini umekuja." Mhasibu akazisukuma kando. Karani Msudani akazirudisha mbele yake, akamwonyesha tarehe, mhasibu akapandisha sauti, mpaka mudiri, mkubwa wa ofisi, akatoka chumbani kwake kuuliza kelele ni za nini.

Mudiri akazisoma. Kisha akaniuliza kupitia karani, "Na ile miezi tisa mingine?"

"Ile nilikula," nikasema. "Niliona inaingia, na nilijua si yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Mwambie nilikuwa mwizi."

Karani akanitazama, akasema maneno marefu ya Kiarabu. Mudiri akatikisa kichwa taratibu. Nje kwenye korido nikamuuliza karani alimwambia nini. "Neno lile hapa halisemwi ofisini," akasema. "Lingekupeleka pabaya. Nimemwambia uliona haya." Nikamwambia haya zilikuja baadaye sana. Akasema, "Zimekuja, basi." Mtu yule hanijui kwetu wala kwao, na aliniokoa kwa sentensi moja.

Miezi miwili ikaondolewa, na makato yakashuka kutoka nusu hadi robo ya mshahara. Ile nafuu sikuigusa. Yote ilikwenda kwa shailoki.

Sasa wengi mnataka kujua niliishije. Sitawapamba. Simu kubwa niliiuza, nikanunua kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Nywele nilijinyoa mwenyewe, na mnaona kichwa hiki, hakikuwa na kosa la kustahili kunyolewa vile. Kambini nilikula kila kilicholetwa, hata siku ya wali ulioungua. Barabarani nilipika dengu kwenye jiko dogo la gesi, maji nikajaza kwenye mabomba ya sadaka pembeni mwa barabara. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu kwenye mahema ya wafanyakazi, mimi Mkristo, nikifungua saumu ambayo sikuifunga. Siku ya kwanza niliinamisha uso. Mzee aliyekuwa akigawa tende akaniwekea sahani, akanigonga bega, "Yalla, kula." Hakuniuliza dini.

Kambini walinicheka. Waliniita Dengu. Niseme kweli, jina lile lilinifaa kuliko bosi, kwa sababu dengu nilizilipia.

Kule nyumbani mke wangu alifanya kazi kubwa kuliko yangu. Aliyauza makochi, yakatoka kwa mlango uleule tuliouvunja kwa ajili yake. Akaenda na baba kwa chifu, baba akaeleza mbele ya watu kwamba hakusomewa karatasi. Fikirini mzee yule, anasimama baraza zima likisikia kwamba aliyemdanganya ni mwanawe. Shailoki akaogopa kesi, akakubali kupokea deni kwa mafungu na kuacha kuongeza riba. Ilichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Fungu la mwisho lilipoingia, hati ikarudi mkononi mwa mwenyewe.

Nikampigia. "Baba, nimesikia umeipata."

"Nimeipata."

"Baba, naomba unisamehe."

"Nimesema nimeipata," akasema, akakata simu.

Mke wangu ananiambia mzee ameihamisha ile hati, na hakuna mtu nyumbani anayejua iko wapi. Vizuri. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Mimi humpigia kila Jumapili. Mwezi uliopita aliniambia mvua imeanza, akanieleza habari za mahindi karibu dakika kumi. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Ndugu zangu, namshukuru mzee wa Machakos, ambaye mkataba wake umeisha na sasa yuko kwao. Namshukuru karani kwa uwongo wake mmoja mzuri. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuwahi kuniomba makochi. Na namshukuru dada aliyeninyima mkopo. Angenipa, leo ningekuwa nadaiwa na nyinyi nyote.

Funzo langu ni dogo. Nilipanga kumsema ajenti, na anastahili. Lakini hati ya baba haikuibwa na ajenti, wala simu ile hakuninunulia mhasibu. Soma karatasi yako. Kama hujui kusoma, kuna mtu hapa anajua, muulize kabla ya kalamu kugusa karatasi. Na ukiona pesa imeingia usiyoijua, iulize siku hiyohiyo, kabla hujaizoea.

Naona dada anaangalia saa. Madam wake anamtaka Al-Rawdah kabla ya magharibi, na mimi nimeshamlia muda wake wa kutosha. Kama kuna mtu humu ameona kitu kwenye akaunti yake na amekaa kimya, makofi yenu acheni. Inukeni mmwendee dada na karatasi zenu sasa, bado hajavaa viatu.