Nani Alimnyoa Mfalme?

Mpaka leo sijaelewa: watu wanawezaje kuidharau hadithi kila jioni, na kila jioni wakawahi nafasi ili waisikie? Benchi letu liko nje ya duka la Mshonaji, na hadithi ni yake: mfalme aliyelala pangoni miaka mia, akilindwa na mashujaa wapanda farasi waliovaa deraya za chuma. Siku hiyo alitusomea sura ya mwisho, mfalme anaamka na kuikumbuka siku aliyoingia. Kisha akaweka mkasi juu ya kurasa. Alikuwa ametuapia kwamba tukiicheka na hii, atazikata zote ziwe karatasi za kupimia kola.

Aliyeanza ni Cheche, mchomelea vyuma.

— Eti deraya imeachiwa pindo, shujaa akinenepa ifumuliwe. Pindo! Kwenye chuma!

— Mwili hubadilika, kaka, Mshonaji akajibu kwa sauti ndogo.

— Na vifungo vinne kifuani. Huyo shujaa au bwana harusi?

Wembe, kinyozi wetu, akashusha kikombe cha kahawa.

— Mimi pindo halinisumbui. Mtu kalala miaka mia, kaamka kidevu kinang'aa. Nani alimnyoa?

— Uchawi, akasema Mshonaji.

— Uchawi haujui kunyoa shingo! Mle pangoni kulikuwa na kinyozi. Na anayemshikia mfalme wembe kooni miaka mia, huyo ndiye mtawala. Hao mashujaa wako walikuwa foleni tu, wanangoja zamu.

— Mashujaa gani? Cheche akadakia. Deraya zilikuwa tupu, masufuria yamesimamishwa mlangoni kutisha watu. Farasi walijua, wakanyamaza.

— Kwa hiyo nchi ilikuwa ya farasi? Wembe akauliza.

— Afadhali farasi! Wao hulala wamesimama.

Tukacheka, na mimi nikiwemo. Mshonaji aliinua ukurasa wa kwanza, akafungua mkasi.

Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake. Alikuwa amesimama hapo muda wote.

— Samahanini. Siku mfalme anaingia pangoni, umesema mkewe alimshikia taa. Miaka mia yote hiyo, yeye alikuwa wapi?

Wembe akamtazama Cheche. Cheche akachungulia kikombe chake, hakikuwa na kitu.

— Sijui, mama, akasema Mshonaji. Nilimsahau pale mlangoni.

— Basi rudi ukamtazame. Gauni nitalingoja.

Hakuna aliyecheka. Ikakubaliwa palepale kwamba haukatwi ukurasa hata mmoja mpaka malkia apatikane. Aliyelitekeleza hilo ni Cheche: alimpokonya Mshonaji mkasi, akauviringisha kwenye kitambaa, akaondoka nao kwapani kuelekea karakana yake.

— Na lile pindo ulitoe, akasema bila kugeuka.