Nani Amepima Tangu Kicheko Aondoke

Benchi langu lina miguu mitatu na tofali, na kila mteja anajua upande wa kukwepa. Asubuhi ile Miwani alikalia upande wa tofali, akayumba, kahawa ikammwagikia suruali, wala hakutukana. Nikajua kuna jambo. Miwani ni kijana wa kompyuta. Yeye na marehemu Kicheko ndio walioitengeneza programu ya zahanati ya ng'ambo ya barabara, ile inayoita wagonjwa kwa majina. Kicheko tulimzika mwaka jana. Mimi si mmbea, nauza kahawa tu, lakini nilisogea.

— Haya mwanangu, tapika.

MIWANI: Bibi, kazini wanataka niufute ukurasa wa Kicheko.

SPIKA (kinyozi wetu, asiyejua kunong'ona): Ukurasa gani tena?

MIWANI: Wa maelekezo. Aliwaandikia makarani jinsi ya kuifanya programu iende mbio. Asubuhi wapakie mafaili ya wagonjwa wote kwa mpigo, mchana watateleza.

SPIKA: Si ushauri mzuri huo?

MIWANI: Ulikuwa. Programu ya sasa inalileta faili la mgonjwa pale inapomwita. Ukiyapakia yote kwa mpigo, inapaliwa. Ndiyo hiyo foleni mnayoiona mpaka nje.

JAJI (dereva mstaafu, huhukumu kesi kabla ya kuisikia): Basi futa! Kesi imekwisha.

MIWANI: Ni maneno yake, mzee. Na utani wake umo. Nikiufungua, namsikia anacheka.

Nikapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa.

SPIKA: Mimi naona mashine ina majonzi. Imemkosa bwana wake.

JAJI: Majonzi wapi! Imezeeka magoti kama mimi.

SPIKA: Au marehemu mwenyewe anakanyaga breki, hataki kuguswa.

JAJI: Hapo sasa! Ukifuta tu, itaanza kuita wafu.

— Ikimwita Kicheko mnishtue, nikasema. Nina umbea wa mwaka mzima wa kumpa.

Tukacheka. Miwani hakucheka, na macho yake yalikuwa nyuma yetu. Pale alikuwa amesimama mjane wa Kicheko, ambaye hajawahi kukanyaga kijiwe chetu, mtoto begani anakohoa. Ametoka kwenye foleni kuja kuomba maji ya moto.

MJANE: Shemeji, kumbe ni huo ukurasa unaotuweka juani?

MIWANI: Ndio huo. Nisamehe, shemeji. Mkono ulikataa.

MJANE: Mwishoni aliandikaje?

Miwani hakuhitaji kuutazama popote.

MIWANI: "Nimepima mbio zake leo kwa mkono wangu. Programu ikibadilika, pimeni tena. Msiniamini, mimi mwenyewe napenda sana usingizi."

MJANE: Ndiye huyo. Hata mboga nikimwapia kwamba chumvi imekolea, lazima aonje tena.

Akamhamishia mtoto bega la pili. Kisha akauliza, wala hakuwa na ukali:

— Sasa tangu aondoke, nani amepima?

Spika akatazama viatu vyake. Miwani akavua miwani, akaifuta kwa shati, asiivae. Nikainua birika nimmiminie mtoto maji, nikakuta limekauka. Nilikuwa nasikiliza mno. Ng'ambo ya barabara programu ikaita jina moja, ikanyamaza. Tukabaki tunalisubiri linalofuata.